Kuendesha kesi ya Scottsboro darasani: mwongozo kwa wanaofundisha watoto wa miaka 10 hadi 15

Mtoto akiingia mahakamani hasikii sheria kwanza. Anaona viti. Anaona nani amepewa kiti chenye mgongo na nani amesimama ukutani, nani anaitwa "Bwana" na nani anaitwa jina tupu, nani anatazamwa usoni anapozungumza na nani anazungumzwa kana kwamba hayupo. Sisi watu wazima tumeuzoea mpangilio huo hata hatuuoni. Mwongozo huu unalitumia jicho hilo la mtoto. Badala ya kuwahubiria wanafunzi kwamba ubaguzi ni mbaya (wanajua, na watakubali chochote ili kengele ilie waende mapumziko), unawapa viti, maharage, daftari na saa, halafu wao wanatafuta ni wapi haki iliharibika kabla hata shahidi wa kwanza hajafungua kinywa.

Kesi yenyewe ni ya Scottsboro, katika jimbo la Alabama, Marekani, iliyoanza mwaka 1931. Inafaa kuliko nyingi kwa sababu baadhi ya washtakiwa walikuwa rika la wanafunzi wako, na makosa yake makubwa ni ya utaratibu, yanayoweza kuhesabiwa na kupimwa. Panga vipindi vitano vya dakika 40. Ukiwa na vitatu tu, fanya cha kwanza, cha pili na cha nne.

Yasome haya wewe kwanza

Tarehe 25 Machi 1931 treni ya mizigo iliyotoka Chattanooga kuelekea Memphis ilipita kaskazini mwa Alabama ikiwa na vijana wengi waliodandia bila nauli. Uchumi ulikuwa umeporomoka na watu walikuwa wakidandia treni kutafuta vibarua. Ukazuka ugomvi, vijana kadhaa wa Kizungu wakashushwa kwa nguvu na vijana Weusi, nao wakaenda kushtaki. Treni iliposimamishwa katika kituo cha Paint Rock, watu wenye bunduki walikuwa wanangoja. Vijana 9 Weusi wakakamatwa: Haywood Patterson, Clarence Norris, Charlie Weems, Olen Montgomery, Willie Roberson, Ozie Powell, Eugene Williams, na ndugu wawili, Andy Wright na Roy Wright. Roy na Eugene walikuwa na miaka 13 hivi. Wengi wa waliobaki hawakuwa wamefika 20. Katika treni hiyo walikuwamo pia wanawake wawili wa Kizungu, Victoria Price na Ruby Bates, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Huntsville. Hao walidai kwamba vijana hao wamewabaka.

Kesi zilianza tarehe 6 Aprili, siku 12 tu baada ya kukamatwa. Hadi tarehe 9 Aprili zilikuwa zimesikilizwa kesi nne na vijana 8 walikuwa wamehukumiwa kifo kwa kiti cha umeme. Wa tisa alikuwa Roy Wright. Mwendesha mashtaka mwenyewe aliomba afungwe maisha kwa sababu ya umri wake, lakini baadhi ya wajumbe wa juri (raia wanaoamua kesi) waling'ang'ania kifo. Juri haikuafikiana na kesi yake ikavunjika.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliingilia mara mbili. Mwaka 1932 ilitengua hukumu kwa sababu vijana hawakupewa wakili kwa maana halisi. Mwaka 1935 ilitengua tena kwa sababu watu Weusi walikuwa wamefungiwa nje ya juri. Katikati, mwaka 1933, kulikuwa na kesi mpya mjini Decatur, na humo Ruby Bates mwenyewe alikana madai yake mbele ya mahakama. Julai 1937 mashtaka dhidi ya wanne yalifutwa: Roy Wright, Eugene Williams, Olen Montgomery na Willie Roberson. Watano waliendelea kusota gerezani. Andy Wright ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, mwaka 1950.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hawajui juri ni nini, na ukiliruka hili somo zima litayumba. Waeleze hivi: juri ni raia 12 wa kawaida, si wanasheria, wanaokaa kusikiliza kesi na kuamua kama mtu ana hatia au hana. Jaji anaongoza tu. Tofauti na wazee wa baraza wa baadhi ya mahakama zetu, ambao jaji anaweza kusikia maoni yao na bado akaamua vingine, uamuzi wa juri ndio uamuzi. Kwa hiyo anayeingia kwenye juri ameshika roho ya mtu mkononi.

Neno kubaka

Wajulishe wazazi au walezi angalau siku tatu kabla, kwa barua fupi yenye jina la kesi na kosa lililodaiwa. Kwa watoto walio chini ya miaka 13 sema: "Walishtakiwa kwamba waliwashambulia wanawake wawili vibaya sana, na kosa hilo Alabama liliadhibiwa kwa kifo." Inatosha. Kwa wa miaka 13 na zaidi litaje neno kubaka mara moja, wazi, kwa sauti yako ya kila siku. Ukinong'ona au ukizungukazunguka, watacheka, na kicheko kikishaanza kipindi kimekwenda.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi: mtoto kuondoka na imani kwamba wanawake husingizia. Ikate mapema. Waambie kwamba wanawake hawa walikuwa maskini, nao walidandia treni, na wangeweza kushtakiwa uzururaji. Waambie pia kwamba madai yoyote ya aina hii hupimwa kwa ushahidi, na somo letu ni jinsi mahakama ya Scottsboro ilivyokataa kupima. Kama katika darasa lako kuna mtoto unayejua amepitia madhila hayo, zungumza naye faraghani kabla, umpe ruhusa ya kutoka wakati wowote bila kuuliza.

Vifaa kwa darasa la wanafunzi 40

Viti 12 vya juri na viti 9 vya washtakiwa. Chaki ya rangi mbili. Kamba ya mita 6. Kwa kila kikundi cha watu watano, mfuko wa kitambaa au soksi nene yenye maharage meupe 93 na mekundu 7 yanayolingana ukubwa. Daftari kubwa moja lenye jalada gumu, penseli nyekundu ya nta, kalamu ya wino mweusi, lenzi ya kukuzia. Visanduku 10 vya kiberiti. Karatasi moja ya A4 kwa kila mtoto. Saa inayoonyesha sekunde.

Maharage yasiyolingana ni kosa la kwanza la wengi. Mekundu yakiwa makubwa vidole vitayatambua, na hesabu itakayokuja haitasimama.

Kipindi cha kwanza: viti

Panga chumba kabla wanafunzi hawajaingia. Meza ya jaji mbele katikati. Viti 12 vya juri upande wa kulia, pembeni kwa mistari miwili ya sita. Meza ya mwendesha mashtaka karibu na juri, ya utetezi mbali nayo. Viti 9 vya washtakiwa kwa safu moja, na juu ya kila kiti kipande cha karatasi chenye jina. Kwenye viti vya Roy na Eugene ongeza umri. Funga kamba kukata sehemu ya watazamaji mara mbili: sehemu kubwa mbele, sehemu nyembamba nyuma kabisa.

Viti 9 vya washtakiwa havikaliwi na mtu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usibadilishe hili hata watoto wakiomba. Mtoto akiigiza mtu anayesubiri kifo, ama atafanya mzaha ili kujikinga, ama itamwingia kupita kiasi. Zaidi ya hapo, darasa litaanza kumhukumu yeye: kama anapendwa, "ataachiwa". Vivyo hivyo usimpe msichana yeyote kuwa Victoria Price. Jina litamganda mpaka mwisho wa mwaka. Maneno ya mashahidi hao yasome wewe.

Watoto wakiingia, wape karatasi zao zikiwa zimegawanywa safu tatu: NINAONA, NINASIKIA, SIELEWI. Kwa dakika 10 wasiseme neno. Watembee, waangalie, waandike. Kisha gawa kadi za nafasi kwa bahati nasibu, na hapa ndipo desturi na sheria za Alabama ya 1931 zinapoingia. Nusu ya kadi zina alama ya pembetatu. Mwenye pembetatu haingii juri, anakaa nyuma ya kamba. Alama iwe ya kadi, isiwe ya rangi ya ngozi, kabila, dini wala mtaa anakotoka mtoto. Katika shule zenye mchanganyiko, na hasa kwa Waswahili walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako pengine mtoto Mweusi ni mmoja darasani, hili halina mjadala. Asipewe nafasi kwa rangi yake na asiulizwe "unajisikiaje".

Wakishaketi, tangaza sheria ya pili: wasichana wote watoke kwenye viti vya juri. Alabama wakati huo haikuruhusu wanawake kuwa wajumbe wa juri, wa rangi yoyote. Kutakuwa na kelele. Ziache ziendelee dakika moja, halafu waulize waandike: nani amebaki? Walioingia darasani wakidhani somo linahusu rangi peke yake sasa wanaona mlango mwembamba zaidi ya walivyofikiri.

Dakika 10 za mwisho ni za kusoma safu ya SIELEWI kwa sauti. Usijibu maswali yote, yaandike ubaoni na tarehe. Swali litakalojirudia ni "kwa nini huyu wa miaka 13 yuko hapa?" Jibu lake la kisheria lilitolewa mwaka 1932: mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Alabama, kabla ya ile ya Marekani kuingilia, ilithibitisha hukumu za wengine saba lakini ikaitengua ya Eugene Williams kwa kuwa alikuwa mtoto.

Kipindi cha pili: maharage na daftari

Hiki ndicho kipindi cha kukitilia nguvu. Ukikiharibu hiki, vingine vinabaki maigizo.

Anza na takwimu ambazo Mahakama ya Juu yenyewe ilizinukuu mwaka 1935. Wilaya ya Jackson, ambako mji wa Scottsboro upo, mwaka 1930 ilikuwa na watu 36,881, na kati yao 2,688 walikuwa Weusi. Wanafunzi wagawanye wenyewe: ni asilimia 7.3, karibu 7 katika kila 100. Ndiyo maana mfuko una maharage mekundu 7. Kila kikundi kichote maharage 12 bila kutazama, kihesabu mekundu, kiandike, kirudishe, kitikise, kichote tena. Fanyeni mara 20 kwa kila kikundi. Vikundi 8 watakuletea matokeo 160 kwa dakika 15.

Watashangaa, na inawezekana nawe ukashangaa kama hukufanya hesabu kabla: karibu mara 4 kati ya 10 hakutatoka hata harage moja jekundu. Mwalimu asiyejiandaa hushikwa na hofu hapa akaona somo limegeuka dhidi yake. Kumbe hapa ndipo penye utamu. Juri moja isiyo na mtu Mweusi katika wilaya hiyo haithibitishi chochote, yaweza kuwa bahati. Liseme hilo waziwazi, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kukubali ushahidi dhaifu leo kwa kuwa unaunga mkono upande mzuri, kesho ataukubali kwa upande mbaya.

Sasa uliza: je, zikiwa juri mbili mfululizo zisizo na jekundu? Watazame orodha zao wahesabu. Tatu? Tano? Kwa mfuko huu, tano mfululizo hutokea takriban mara 1 kati ya 100, na kumi mfululizo mara 1 kati ya 10,000. Vikundi vingi havitaipata tano hata kidogo. Kisha uwasomee ushahidi uliotolewa: mashahidi wenye umri wa miaka 50 hadi 76, walioishi wilaya ile maisha yao yote, walisema hawakumbuki mtu Mweusi hata mmoja kuwahi kukaa kwenye juri. Hata mmoja, katika vizazi. Nyamaza. Wape nafasi ya kuilinganisha na orodha zao.

Baada ya maharage, daftari. Upande wa serikali ulijitetea kwamba majina ya Weusi yalikuwamo kwenye rejesta ya juri. Rejesta ikaletwa. Kweli, yalionekana majina 6. Lakini rejesta ilipangwa kwa alfabeti, kata kwa kata, na majina hayo sita yalikaa mwishoni mwa orodha, nje ya mpangilio. Tena chini ya majina ya zamani palikuwa pamepigwa mistari myekundu na karani mpya, kutenganisha orodha ya zamani na ya baadaye. Mtaalamu wa maandishi alishuhudia kwamba majina yale yaliandikwa juu ya mistari hiyo, maana yake baada ya mistari kupigwa. Wakili wa utetezi, Samuel Leibowitz kutoka New York, alipofika Mahakama ya Juu aliwapa majaji daftari lenyewe na lenzi waangalie kwa macho yao.

Tengeneza daftari lako siku mbili kabla. Andika kurasa sita, kila moja majina 15 ya kubuni kwa alfabeti, kwa wino mweusi. Chini ya jina la mwisho piga mstari mwekundu kwa penseli ya nta, ukandamize. Halafu, kwa wino uleule, bana jina la kumi na sita kati ya orodha na mstari, mikia ya herufi ikate mstari. Wino ukipita juu ya nta hukatikakatika na kuacha vidoadoa, na hilo linaonekana kwa lenzi. Kwenye ukurasa wa saba fanya kinyume: andika jina kwanza, subiri likauke, ndipo upige mstari juu yake. Hapo nta hulala juu ya wino na hung'aa ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ukurasa huo ni wa kulinganishia, usiuseme. Usitumie kalamu mbili za biki zinazofanana, maana utaratibu wa kipi kilitangulia hauonekani na watoto watabaki kukisia. Na ujaribu kwanza kwenye karatasi ya aina ileile, kwani karatasi laini sana haishiki nta.

Watoto wapewe daftari bila maelezo, swali moja tu: "Kuna nini hapa?" Kwa kawaida watakaogundua kwanza watagundua alfabeti, hata kabla ya kugusa lenzi. Aliyezoea kuitwa kwenye mahudhurio anajua jina lake linakaa wapi.

Kipindi cha tatu: saa

Hiki ni kifupi. Vijana hawa hawakuwa na wakili aliyetajwa rasmi hadi asubuhi ileile ya kesi. Aliyejitokeza, Stephen Roddy, alikuwa mwanasheria wa mambo ya ardhi na nyumba kutoka Chattanooga, jimbo jingine, na aliiambia mahakama kwamba hakujiandaa na hazijui taratibu za Alabama. Aliungana na wakili mzee wa pale mjini, Milo Moody. Wakapata chini ya nusu saa ya kuzungumza na washtakiwa.

Mpe mwendesha mashtaka wako jalada la kurasa sita tangu jana yake. Wape mawakili wa utetezi jalada lilelile mlangoni, dakika 3, huku darasa likiruhusiwa kupiga kelele. Kisha waanze kuhoji. Watashindwa, na watasema si haki. Muulize mtazamaji mmoja aonyeshe kifungu gani cha utaratibu kilivunjwa. Hatakipata kwa urahisi: wakili alikuwepo, kiti kilikaliwa. Hili ndilo Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1932, kwamba kuwa na mtu kwenye kiti cha utetezi hakutoshi.

Ukibaki na muda, toa watoto sita nje ya mlango wawe juri ya kesi ya pili. Ndani, soma "ana hatia" ya kesi ya kwanza, na watazamaji washangilie. Waite waliokuwa nje uwaulize wamesikia nini. Scottsboro ilitokea vivyo hivyo: umati ulishangilia hukumu ya kwanza huku juri ya kesi iliyofuata ikisikia. Kabla ya kushangilia waambie watoto ni sekunde tano tu, na ukiinua mkono wanyamaze. Usimpe mtu yeyote jukumu la "umati wenye hasira" nje ya hapo. Na usionyeshe picha za watu walionyongwa na makundi ya wahuni kwa darasa la umri huu. Mtoto huikumbuka picha hiyo na kusahau kila kitu kingine.

Kipindi cha nne: mashahidi wa Decatur

Sasa mnahamia Decatur, Aprili 1933, mbele ya Jaji James Horton. Panga visanduku vya kiberiti mstari mmoja kama treni. Leibowitz naye alileta mahakamani mfano mdogo wa treni. Weka punje za mahindi kuwakilisha watu. Kisanduku kilicho wazi ni behewa la kokoto linalodaiwa kuwa mahali pa tukio. Weka Olen Montgomery nyuma, mbali, kwani alisema alikuwa peke yake kwenye behewa jingine, na macho yake yalikuwa mabovu kiasi cha karibu kutoona. Weka Willie Roberson nyuma pia. Alikuwa mgonjwa, akitembea kwa fimbo. Waulize watoto: hawa wawili waliruka vipi juu ya mabehewa, treni ikienda?

Kisha soma kadi ya daktari. Dakta R. R. Bridges aliwapima wanawake hao muda mfupi baada ya treni kusimama. Mapigo ya moyo na pumzi vilikuwa vya kawaida. Price alidai alipigwa kichwani kwa kitako cha bastola, lakini kichwani hapakuwa na jeraha. Alidai alilazwa kwenye kokoto zenye ncha, lakini mgongoni kulikuwa na mikwaruzo na michubuko midogo tu. Kwa walio chini ya miaka 13 ishia hapo, maelezo mengine ya kitabibu hayana faida kwao. Halafu soma kwamba Ruby Bates alipanda kizimbani na kusema hakuna lililotokea, na kwamba mwendesha mashtaka alianza kumhoji kuhusu nguo zake mpya, nani amezinunua. Mwingine wa upande huo aliwaambia wajumbe wa juri waonyeshe kwamba haki ya Alabama hainunuliwi kwa pesa za Wayahudi wa New York. Leibowitz alikuwa Myahudi. Watoto wakubwa wataona kwamba chuki moja imeita nyingine ije kuisaidia.

Lile la majina litaje hapa. Mwendesha mashtaka Thomas Knight alimwita shahidi Mweusi, John Sanford, kwa jina la kwanza tu. Leibowitz akamtaka amwite Bwana Sanford. Knight akajibu kwamba hana desturi hiyo. Kwa mtoto aliyelelewa kusema shikamoo na kuwaita wakubwa Mzee, Mama, Mjomba, hakuna haja ya kufafanua. Waache wafanye jaribio la dakika mbili: watoto wawili wahoji "shahidi" mmoja mtu mzima, mwalimu mwenzako aliyekubali, mmoja akimwita kwa heshima na mwingine kwa jina tupu. Wale wa kwenye juri waandike nani alionekana mkweli zaidi. Majibu yatatofautiana ingawa maneno ya shahidi ni yaleyale.

Juri yako ipige kura kwa siri, karatasi ndani ya kofia. Karibu kila darasa litasema "hana hatia", na hapa ndipo mahali pa kuteleza. Watajipongeza: sisi tungefanya vizuri. Usiwaache. Wafungulie bahasha yenye uamuzi halisi wa tarehe 9 Aprili 1933: Haywood Patterson ana hatia, kifo. Kisha uliza swali moja: wajumbe wale walisikia ushahidi huuhuu, sasa kura yenu ingekuwa ipi kama duka la baba yako lingechomwa kesho yake? Jaji Horton ndiye jibu lililopo kwenye kumbukumbu. Tarehe 22 Juni 1933 aliitengua hukumu ile, na uchaguzi uliofuata akaanguka, hakuwa jaji tena. Kesi ikapewa jaji mwingine, na Patterson akakutwa na hatia tena.

Kipindi cha tano: Kapenguria

"Hayo ni mambo ya Wamarekani" utaisikia mapema. Kenya ya mkoloni ilikuwa na juri pia, ila kwa Wazungu: Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa aliamuliwa na juri ya Wazungu wenzake, Mwafrika aliketishiwa wazee wa baraza au hakimu peke yake. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko walishtakiwa Kapenguria mwishoni mwa 1952 kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Mahakama iliwekwa katika jengo la shule, mbali na Nairobi. Hakimu Ransley Thacker aliamua peke yake na Aprili 1953 akawahukumu miaka saba ya kazi ngumu. Shahidi Rawson Macharia alikuja kusema mwaka 1958 kwamba alitoa ushahidi wa uongo kwa ahadi za serikali. Aliyefungwa kwa kusema hivyo ni yeye.

Wanafunzi wachukue karatasi zao za safu tatu wazigeuze upande wa pili na kupanga chumba upya kuwa Kapenguria, dakika 15, bila msaada wako. Watakachokosa kukijua waandike kwenye SIELEWI. Angalia kama wataondoa viti vya juri. Darasa lililoelewa huviondoa bila kuambiwa, halafu hubishana hakimu akae mbele au katikati. Usiruhusu mjadala uhamie kwenye kabila au familia ya mwanafunzi yeyote. Mtu akitaja mwenzake, rudisha mazungumzo kwenye viti.

Swali la mwisho huwa ni nini kiliwapata wale tisa. Clarence Norris alipewa msamaha na gavana wa Alabama mwaka 1976 akiwa hai. Patterson, Weems na Andy Wright walipewa mwaka 2013 wakiwa wamekwisha kufa, baada ya jimbo kutunga sheria ya kuruhusu msamaha kwa marehemu. Watoto watauliza wasamehewe kosa gani, na unaweza kuwaachia swali hilo waandike ukurasa mmoja nyumbani.

Daftari la majina lifunge kwa nailoni kavu, kwa sababu nta ya penseli huhamia ukurasa wa pili kwenye joto. Kurasa zilizokwisha kugunduliwa zitengeneze upya kila mwaka kwa majina mengine, maana kaka zao watakuwa wameshawaambia mahali pa kutazama. Maharage nayo yahesabu upya kabla ya kuyaweka: yakipungua mawili matatu mekundu, mwakani hesabu yote itakuwa imepinda na hutajua kwa nini.